Uzi wa Chini

Huku Cimpunda umeme huja kama mwizi,
saa nane za usiku, bila hodi,
nami nilijifunza kumngoja mwizi huyo
nimevaa koti, kiti kimevutwa,
mguu juu ya mota niliyoifunga
kwenye cherehani ya marehemu baba.

Majoho arobaini na mawili ya kwaya,
zambarau, kola nyeupe, yavaliwe Pasaka.
Katibu alihesabu noti za kutanguliza mara mbili,
akasema: Fundi Mugaruka, tunakuamini.
Kuaminiwa nako ni deni.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache,
tepi shingoni, pini mdomoni.
Mkono mvivu hushona njaa, aliniambia,
na kila pindo alilikunja mara mbili
hata pale jicho la mteja lisipofika,
kwa kuwa Mungu, alisema,
hukagua nguo upande wa ndani.
Niliamini. Naamini bado.

Basi Jumapili ya kwanza nikashona kidogo tu, mikono.
Ya pili, mikono na kola.
Ya tatu siikumbuki.
Kanisa liko chini yetu, bati lake linagusa ngazi zetu,
na walipofanya mazoezi niliwatambua kwa vipimo:
yule wa sauti nene, kifua inchi arobaini na nne,
bega la kushoto limeshuka.
Nyimbo zenyewe sikuzisikia.

Cibalonza hakugomba.
Aliweka bugali na sambaza, akafunika kwa sahani,
asubuhi akavikuta vilevile,
samaki wananitazama kwa vijicho vyao.
Siku moja tu alisema, akipepeta mchele:
Umewavika watu wote hawa waende mbele za Bwana,
na shati lako wewe halina kifungo.

Usiku wa kuamkia Pasaka, joho la mwisho.
Mvua. Udongo wa mlimani unateremka na maji.
Taa ikawaka, nikakanyaga,
mshono ukakimbia kwapani hadi chini,
nikageuza, nikarudi, nikajisifu kwa mwendo.
Ansima aliamka kunywa maji,
akashika lile joho ili alione rangi,
likafunguka mikononi mwake kama ganda la ndizi.

Baba, akasema, uzi wa chini umekwisha.

Nikatoa bobini. Chuma kitupu, kinang'aa.
Sijui ni tangu lini.
Sindano ilikuwa inashuka na kupanda, inashuka na kupanda,
na kila ilipopita iliacha tundu.

Nilikaa.
Nikamfikiria yule seremala wa Nazareti,
Ijumaa, jua likizama, vumbi la mbao ndevuni,
anaegemeza ukutani meza ya mtu yenye miguu mitatu
na kufunga mlango.
Wa nne ungengoja.
Wala Baba yake hakumwita mvivu.

Kisha nikafanya jambo ambalo Cimpunda nzima
ingelisema nimerogwa:
umeme upo, nikazima taa kwa mkono wangu mwenyewe.
Nikala sambaza zilizopoa, gizani, pamoja na miiba.
Nikalala.

Asubuhi walisimama arobaini na mmoja, zambarau,
na Zihalirwa, yule wa bega lililoshuka,
katikati yao na shati lake jeupe
kama jino.
Watu walinong'ona. Katibu alinitafuta kwa macho
akanipata benchi la tatu,
kifungo kipya kifuani, Ansima alikishona
kwa uzi wa zambarau, kimepinda.

Jumatatu kulipopambazuka nilijaza bobini.
Niligusa skrubu kidogo, nikajaribu kwenye kitambaa chakavu
mpaka uzi wa juu na wa chini
wakutane katikati, usionekane unaomvuta mwenzake.
Joho la Zihalirwa nililishona polepole,
pindo mara mbili,
bega la kushoto nikalishusha nusu inchi.
Katibu alikata pesa yake. Nikamwacha akate.
Mchana nikala.