Namba Tasa

Niliandika kwa wino mzito nyuma ya boksi la redio,
nikalitundika kwenye kibanda changu cha simu, Kibuye:
*Kama nawe hupenda muziki wa mashine,
milio ya michezo ya zamani, beti za hesabu,
njoo Jumamosi saa nane. Viti vipo.*

Viti vilikuwa viwili. Nilikalia kimoja,
kingine kikakaliwa na mvua.

Jumamosi ya pili akaja Odembo, bawabu wa benki,
akasimama mlangoni kama aliyekuja kukopa,
akapiga mbinja: ti-ti, ti-ti-tii,
yule nyoka wa kwenye simu, ala nukta
hadi ajing'ate mkia.
Bisibisi ilinidondoka.

Kisha Nangila, mwalimu, kutoka Chavakali kwa nauli yake,
daftari limejaa beti za namba tasa.
"Wameziita tasa," akacheka,
"kwa sababu zimekataa kugawanywa."

Mama, anayeuza omena ng'ambo ya njia,
alikuwa ameshanihukumu: muziki huo ni tasa,
haujazaa hata harusi moja.

Leo tumebanana saba,
kinanda tumekiunda kwa simu nne mbovu,
betri inachoma vidole, hachezi mtu,
kila kichwa kinatikisika kwa hesabu yake.
Mama kachungulia. Kaingia na ndoo yake ya omena,
kaifunika, kaikalia.

Nane.
"Sasa tunagawanyika," Nangila kanong'ona.
Odembo akamsogezea Mama feni.