Lita Tano

Wanaozijua hizi kompyuta ndogo huzipima kwa lita,
kama maziwa, kama mafuta ya taa.
Hii yetu ni lita tano. Nimeipigia hesabu jikoni
kwa rula ya shule ya Jagoda,
ile iliyotafunwa ncha.

Kwa nini tano? Begi lake la mgongoni
likishabeba vitabu na viatu vya mazoezi
hubakiwa na lita sita,
na moja lazima niiachie sweta.
Wiki kwangu, wiki kwa mamake, ng'ambo ya mto Odra,
mtaa unaoitwa Shamba la Mbwa
ingawa mbwa ni wachache na shamba halipo.
Tramu, kisha basi. Jumapili saa kumi.
Hakimu aligawa siku vizuri sana.
Kompyuta hakuigawa.

Basi Jumamosi tukatandaza taulo mezani,
vipande juu yake:
kasha la bati jeusi, feni nyembamba kama biskuti,
vijiti viwili vya kumbukumbu,
ubao mama.

"Na ubao baba?" akauliza, wala hakucheka.
Nikatazama maelekezo. Nikasema hakuna,
kuna kigawa umeme tu,
kile kizito kinachokaa pembeni
kikinguruma bila kuonekana.
"Basi huyo ndiye wewe,"
akaendelea kutafuta skrubu.

Mimi hutengeneza breki za tramu. Mikono yangu
imezoea nati za ukubwa wa ngumi.
Humu kila waya una njia moja,
na ukikosea wa kwanza, wa mwisho utakushitaki.
Tone la mafuta ya kijivu, lisizidi punje ya kunde,
juu ya prosesa. Kipoza joto. Skrubu nne
kwa mshazari, kama unavyokaza gurudumu.
Nikafunga kasha.

Halikufungika.

Milimita tatu.
Nilikuwa nimepima kila kitu peke yake;
sikupima plagi ikiwa imeshachomekwa.
Kitu kina urefu mmoja mezani
na mwingine kikishikana na mwenzake.
Ningepaswa kulijua hilo, mimi hasa.
Nikasukuma. Bati likalia.
Nikatamka neno nililokatazwa kulitamka mbele yake.

Jagoda akanisogeza kwa bega. "Usibonyeze."
Akafungua vyote upya, bila haraka,
skrubu akizipanga kwenye kifuniko cha mtungi wa matango,
akageuza kigawa umeme kichwa chini, miguu juu,
akapenyeza vidole vya miaka kumi na miwili
mahali ambapo vyangu vimekwisha kustaafu,
na waya ukapinda, ukalala chini ya feni
kama paka aliyeijua nyumba.
Wembamba wa reli, treni hupita.
Miaka kumi na tisa niko relini
na methali yangu mwenyewe nimeisahau.
Kifuniko kikaingia: tk.

Iliwaka mara ya tatu.
Mara ya kwanza tulisahau swichi ya nyuma.
Ya pili ikatoa milio mitatu mifupi:
haioni kumbukumbu.
Nikakichomoa kijiti, nikakipuliza, nikakirudisha.
Ikaona.

Jumapili, theluji imejaribu ikaishia kuwa mvua.
Kituoni begi amelivaa mbele, kifuani,
amelikumbatia kwa mikono miwili.
"Waya wa umeme umechukua?"
"Kule upo wake. Si nilikwambia ununue miwili?"
Kweli. Nilinunua miwili,
sikujiuliza kwa nini.

Nimerudi. Taulo bado limetandazwa,
kifuniko cha mtungi kipo, na ndani yake skrubu moja
ambayo hatujui, mimi wala yeye, ilitoka wapi.
Waya uko ukutani, umechomekwa,
ncha yake nyingine imelala mezani, wazi,
imeelekea mlango.

Sijauchomoa.