Cheti cha Siku Tano

Siku ya kwanza tulikuwa kumi na wanane
katika uwanja wa skuli, Wete,
kila mmoja na ofisi iliyomtuma:
wawili wa hospitali, mmoja wa bandarini,
mpishi wa bweni aliyekuja na aproni yake,
na mie, Kombo, mlinzi wa ghala la karafuu,
niliyeambiwa, "Nenda, kuna chai na nauli."

Koplo Mize Shaame, mfupi kama mchi,
kofia ngumu ikimgusa nyusi,
akaandika ubaoni: joto, hewa, kitu cha kuungua.
"Moto nao una mafiga matatu," akasema.
"Ng'oa moja, chungu hakikai."
Nikaandika kwa kuwa wenzangu waliandika.

Siku ya pili, mpira.
Ulilala bapa, mnyonge, kama utambi.
Maji yalipofika ukaamka, ukanilaza chali,
na mpishi wa bweni akacheka mpaka akakaa chini.
"Bwana Ghala, maji hayashikwi kwa kifua.
Yanashikwa kwa miguu."

Siku ya tatu tulimwokoa Mjomba:
ovaroli kuukuu lililoshindiliwa makumbi na mchanga,
kilo sabini, hana kichwa.
Tukafungwa vitambaa machoni.
"Hewa iko chini. Tambaeni!
Anayesimama kwa heshima zake
hufa na heshima zake."
Nikatambaa, mkono wa kushoto ukutani,
naita "Mjomba! Mjomba!" kana kwamba ana masikio,
na nilipokamata kisigino chake
koo likanikaba, sijui kwa nini.

Siku ya nne akateleka karai.
Mafuta yakatoa moshi, yakashika moto yenyewe.
Pembeni, ndoo ya maji.
"Nani atazima?"
Mkono wangu ukajisogeza. Unaijua ndoo.
Koplo akaturudisha nyuma, hatua kumi, kumi na tano,
akafunga kopo kwenye mwanzi mrefu,
akamimina. Kopo moja tu.

Moto ukapanda ukapita paa la skuli.
Wenzangu wakakimbia.
Mie sikukimbia; nilishauona.

Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani,
dakika chache kabla ya magharibi,
dada yangu Mafunda akikaanga sambusa.
Mie ndiye niliyesikia ukelele.
Mie ndiye niliyeinua ndoo.
"Kombo hakusita," watu walisema,
na hadi leo barazani wananisifu kwa hilo.
Na mkono wa Mafunda, toka kiwiko hadi shingoni,
ni karatasi iliyofinyangwa kisha ikakunjuliwa.

Koplo akawasha tena.
Akachovya gunia, akalikamua, akalikamua tena,
akalilaza juu ya karai
kuanzia upande wake kwenda mbele,
kama anayemfunika mtoto asimwamshe.
Moto ukafa bila ya neno.
Sekunde nne. Nilihesabu.

Nikauliza, "Na mtu asiyejua, akamwaga maji?"
Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyostahili swali.
"Hakujua," akasema.
Sikuwa nimesema *hakujua*. Nilisema *asiyejua*.

Siku ya tano: wali, picha, vyeti.
Changu kimeandikwa *Kombe*.
Nikapiga makofi kama wengine.

Nyumbani sikukitundika.
Nilitundika gunia, msumari mmoja, ubavuni mwa mlango wa jiko,
na chini yake ndoo ya kulichovya,
ndoo ile ile.

Mafunda alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi.
"Hilo la nini?"
Nikamwambia. Karai, kopo, mwanzi, hewa.
Nikamwambia na lile jengine,
nikiliangalia gunia, si yeye.

Hakuacha kukuna.
"Nilijua," akasema.
"Hospitali waliniambia usiku ule ule."

Chicha ikaanguka, ikaanguka.
Akakiweka kifuu chini, akanyoosha
mkono ule ule, wazi:

"Nipe kipande cha pili."