Namba Saba

Baba alichonga bata sita kwa mti wa msufi,
akawapaka masizi ya chungu mgongoni, usoni chokaa,
maana bata wa Mapofu wana nyuso nyeupe
kama watu waliotoka kusaga unga.
Wa saba alimharibikia. Shingo ilikatika.
Akamfunga jiwe vivyo hivyo, bila kichwa.
"Huyu kalala," akasema. "Aliyelala huwatoa wenziwe hofu."
Tulimcheka. Lakini bata wa kweli walipokuja
na miluzi yao kutoka mabonde ya mpunga,
ubavuni mwa huyo ndiko walikotua.

Bunduki zilikuwa mbili.
Gobori la marehemu babu, refu kuliko mlango,
likilia hori zima linajua,
na moshi unakusimamia mbele ya macho
hata usijue umepiga bata au umepiga asubuhi.
Na ile ya kukunja, ya mitutu miwili,
aliyouziwa na karani wa karafuu siku ya kuhama,
kitako kimezongwa waya wa shaba,
cheti chake cha Mudiri ndani ya kopo la halua.
Hiyo ndiyo tuliyokwenda nayo,
na kila tukirudi ilipakwa mafuta ya nazi,
kwa kuwa chumvi ya mikokoni haina adabu kwa chuma.

Risasi tulizifuata Wete.
Velji akazimwaga juu ya meza, nyekundu, mpya.
"Chukua namba nne, Ngwali. Ikimpata hatikisiki."
Baba akaitikisa moja sikioni, kama anunuaye nazi.
"Nataka atikisike," akasema.
"Nataka aanguke na roho yake. Kisu changu kina kazi nayo."
Akachukua saba, marisau madogo kama uwele.
Velji akaitazama miguu yangu
na nadhani alielewa.

Hesabu ilikuwa hii:
bata akianguka topeni na bawa limevunjika,
una muda wa Kulhuwallahu tatu, pengine nne,
kabla hajawa kibudu.
Na kati yako na yeye pana mizizi,
pana chaza wanaochana unyayo,
pana tope linalomeza goti,
na maji ya bamvua yanarudi bila kupiga hodi.
Mtu mzima huzama.
Mtoto wa miaka tisa hazami, mwepesi kama msufi.
Baba alichagua bata, akachagua bunduki, akachagua risasi,
na mimi nikachaguliwa.

Asubuhi moja ya mwezi mchanga alipiga wawili kwa mlio mmoja.
Nikakimbia.
Wa kwanza nikamwahi. Bismillahi, kisu kikapita.
Wa pili alijikokota majini
mpaka kwa yule bata wa mti asiye kichwa,
akajilaza naye.
Nikasimama.
Sijui kwa nini nilisimama. Maji yalikuwa kiunoni.
Nilipomshika alikuwa bado na joto,
lakini shingo ilining'inia kama kamba iliyofunguliwa ng'ombe.

Nikapitisha kisu hivyo hivyo.
Damu ilitoka nzito, haina haraka.

Baba akakitazama kisu, halafu akanitazama.
"Mize, alipapatika?"
"Alipapatika."
Akampimapima mkononi, yule wa pili, kwa muda.
"Huyu kajaa marisau," akasema. "Atatuvunja meno."
Akamrusha horini, kunguru wakamjua.
Njiani alinibebea kisu,
akazungumza juu ya magugu ya bondeni, na bei ya sukari.

Msimu uliofuata tulirudi kwa Velji.
Baba akaomba namba nane.
"Nane ni ya tetere, Ngwali. Bata atakwenda nayo mpaka Tanga."
"Na aende," akasema baba,
akihesabu senti zake pole pole juu ya meza.
"Mwanangu kaanza kuwa mzito."