Wimbo wa Tisa

Gari nililinunua kwa Tariq, fundi wa Ovenden,
Corsa ya bluu, mlango mmoja wa rangi nyingine,
na ndani ya redio sidii iliyokwama.
"Haitoki," akasema, "nimejaribu hadi kisu."
Akanipunguzia pauni ishirini kwa ajili yake.

Ndivyo nilivyowapata vijana watano
nisiowajua majina wala sura. Jalada analo mwenyewe,
binti wa mtu fulani hapa Halifax
ambaye leo huenda ana watoto na amewasahau.
Albamu yao ya kwanza. Nimejuaje?
Unasikia. Wanaimba kama watu waliovaa viatu vipya,
wanaogopa tope.

Nikawabatiza mwenyewe. Kaka Mkubwa, anayeanza kila wimbo.
Mnong'onezi, ambaye kwake hata salamu ni siri.
Chozi. Filimbi, anayepanda juu hadi natafuta breki.
Na wa tano. Wa tano hapewi kitu.
Anaitikia "uuu" nyuma ya wenzake
kama mtoto aliyeambiwa ashikilie taa wakubwa wakila.

(Mwalimu wangu wa ushairi angewafelisha wote:
vina hakuna, mizani inachechemea,
kibwagizo kimemeza beti.)

Kazi yangu ni kuamsha wazee.
Kuosha, kuvisha, vidonge, uji, kwaheri, mwingine.
Kampuni hainilipi dakika za barabarani,
basi hizo nikazifanya zangu, nikazipima kwa nyimbo:
kwa Bi Maureen hadi kwa Bwana Wilf, mbili na kipande;
kwa Bwana Wilf hadi kwa Bi Edna, kule juu Queensbury,
tano. Sita kukiwa na barafu.
Ukizima gari, redio husahau kila kitu.
Ukiwasha, Kaka Mkubwa anaanza upya, hana haya,
anampenda yule yule wa jana.

Mwaka na nusu sikujua kuna nini baada ya wimbo wa sita.
Huo wa sita una mkwaruzo.
Chozi anafika kwenye neno, neno linamng'ang'ania:
mi, mi, mi, mi.
Kwao ni mimi. Kwetu pia ni mimi.
Kama mtu abishaye hodi usiku,
ukimuuliza nani, anajibu "mimi",
kana kwamba hilo ni jina.
Nilikuwa nafika hapo tu, nazima, nashuka.

Bwana Wilf alinifuma naimba huku namfunga vifungo.
"Nini hicho?"
Mapenzi ya watoto, nikamwambia.
Alikuwa amepuliza tarumbeta miaka arobaini
kwenye bendi ya kiwanda cha mazulia.
Akagonga mapigo kwa kijiko, kwenye ukingo wa kikombe.
"Ubeti wa pili unaharakisha."
Si mimi, ni wao.
"Basi waambie."

Februari, simu ikaonyesha ratiba mpya.
Jina lake halikukatwa kwa mstari wala nini.
Palikuwa peupe tu, nusu saa nyeupe
kati ya Bi Maureen na Bi Edna.

Nikapanda Queensbury, theluji inageuka maji.
Nikawahi mno. Sikuzima gari, kwa baridi.
Mi, mi, mi. Nikaipiga dashibodi kofi, mara mbili.
Wa saba ukapita. Wa nane, makelele matupu.
Halafu kinanda peke yake, na sauti nisiyoijua.

Wa tano.
Si nzuri. Nyembamba, inatetemeka pembeni,
kama ya mtu aliyeitwa ghafla aombe dua mbele ya wageni.
Na kwenye ubeti wa pili anaharakisha.
Nikasema kwa sauti, vioo vyote vimejaa ukungu:
taratibu, mwanangu. Umeambiwa upunguze.

Hakusikia. Alimaliza kabla ya kinanda.
Nikazima.
Kwa Bi Edna taa ilishawaka. Uji bila sukari,
na soksi, daima, ya kushoto kwanza.