Hewa Inakwenda Wapi

Saa mbili asubuhi Bi Candiru alinipigia,
na Arua, mwezi wa pili, saa mbili ni mchana tayari:
bati linalia, kuku wamejikunja chini ya tangi.
"Fundi, mashine inanguruma kama kawaida yake
lakini chumba cha mwisho hakipumui.
Ezaru anatoka Kuluva jioni na kichanga cha siku nne.
Umeme nanunua. Baridi siioni."

Nilimwambia asiguse kitu.
Nilipofika Mvara alikuwa amekwisha kuyapiga makofi matundu yote,
na moja alikuwa amelisemesha.

Kipimo changu cha kwanza hakiuzwi dukani:
ukanda wa karatasi ya chooni, mrefu kama kidole cha kati.
Unaushika mbele ya tundu, unanyamaza.
Sebuleni ulinipiga puani.
Jikoni ulisita, kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja sahani.
Chumba cha mwisho ulining'inia tu
juu ya kitanda kilichokwisha tandikwa,
na beseni jipya, na sabuni ndani yake.

Nikafungua chujio.
Vumbi la kiangazi lilikuwa limefuma blanketi
jekundu, nene, la kutosha kumfunika mbuzi.
"Mlisafisha lini?"
Bi Candiru akamtazama mwanawe Anguyo;
Anguyo akavitazama viatu vyake.
"Tulidhani linajisafisha."

Tuliliosha. Jua likalikausha kabla hatujamaliza kulaumiana.

Ukumbini, nyuma ya magunia mawili ya simsim,
nikakuta wavu mpana, ule unaovuta hewa kuirudisha.
Nikayasogeza. Nikamwambia Anguyo, naye akaandika kwenye simu:
mashine huvuta ndipo ipulize;
ukiiziba pua, usiulaumu mdomo.

Jikoni karatasi ikapepea.
Chumba cha mwisho, wapi.

Basi nikapanda darini, tochi mdomoni.
Joto la huko juu si la kusimuliwa.
Halafu, ghafla, ubaridi ukanigusa sikio.
Bomba lilikuwa limechomoka kwenye kiungo
linamwaga gizani hewa yote iliyolipiwa,
na popo, sijui mia, sijui mia mbili,
wamening'inia juu yake kama makoti ya waheshimiwa,
wamelala usingizi wa wenye mali.

Utepe ulikuwa bado pale, wa kijivu, umekauka, umejikunja.
Naujua utepe ule.
Niliuzungusha mimi, raundi moja badala ya tatu,
siku ambayo pikipiki ilikuwa ikinisubiri nje
kunipeleka kazi nyingine, Koboko.

Nilikaa na popo kidogo.
Ningeweza kuwasingizia; hawana wakili.

Nikashuka. "Kiungo kimelegea," nikasema.
Kiswahili kina huruma na mafundi:
kimelegea, imekatika, limevunjika,
kosa linatokea na mkono hauonekani.

Bi Candiru alifundisha shule ya msingi miaka thelathini.
"Kimelegea," akauliza, "au kimelegezwa?"

Jasho likanifikia kidevuni.
"Kimelegezwa na haraka. Haraka yangu."

Hakusema kitu. Akanimiminia chai,
sukari akaweka nusu.

Nikarudi juu na utepe mpya, raundi nne, na waya juu yake.
Popo walilalamika kwa lugha yao.
Kazi ya darini sikumlipisha.

Saa moja usiku Anguyo alinitumia picha:
kona ya chandarua, na ukanda wangu wa karatasi
ameufunga kwa uzi kwenye wavu wa tundu.
Picha haina upepo, lakini karatasi imelala ubavu hewani,
na chini yake mguu, mdogo kama kidole gumba changu,
umechomoka ndani ya shuka.

Nikamwandikia: geuza mapezi ya wavu kuelekea mlango,
upepo usimpige mtoto.