Lita Saba kwa Dakika

Mita ya maji iko chini ya kifuniko cha chuma
mbele ya mlango, na kila Jumapili
mimi hupiga magoti kuisoma, tochi mdomoni,
kama mtu anayechungulia kisima kisicho chake.
Mtaa huu wa Northampton umenizoea.
Mzee wa nambari kumi na nne huuliza: Imepanda?
Nami humjibu: Imepanda.

Shawa yetu ya zamani ilikuwa mlafi.
Niliipima kwa ndoo ya lita kumi na saa ya simu:
sekunde arubaini, ndoo pomoni.
Lita kumi na tano kwa dakika!
Nikazidisha kwa Zulfa, miaka kumi na sita,
dakika ishirini na mbili bafuni kila usiku,
nikapata lita mia tatu na thelathini
zilizopashwa moto kwa gesi ya kulipia,
zikashuka shimoni bila kuaga.

Haba na haba, walisema, hujaza kibaba.
Hawakusema kibaba humwagika vipi.

Basi nikawa mtu wa kugonga mlango.
"Zulfa! Maji yanalipiwa!"
Nikabandika kwenye vigae saa ya mchanga,
ya plastiki, ya dakika nne.
Siku ya kwanza aliigeuza, kwa adabu.
Kisha ikakaa tu, mchanga wote upande mmoja.

Jumanne moja ya Januari
bomba kubwa lilipasuka barabarani
na maji yakakatika, saa mbili usiku,
mimi niko ngazini, ngumi tayari.
Shawa ikanyamaza.
Zulfa hakunyamaza.

Haikuwa sauti ya mtu aliyekatikiwa maji.
Ilikuwa imeanza zamani, ilikuwa njiani,
haikupata habari kwamba imeachwa peke yake.

Bibi yake tulimzika Pangani mwezi wa kumi.
Nasema tulimzika. Walimzika.
Yeye ndiye aliyemlea Zulfa hadi darasa la tatu,
akamfundisha kusuka ukili, kula ukoko,
na kujibu salamu kabla ya kuulizwa jambo.
Nami niliketi mezani na kikokotoo:
tiketi mbili, likizo isiyolipwa, kodi ya nyumba.
Nikasema, tutamsomea hapa hapa.
Tukamsomea. Watu wakala, wakaosha sahani, wakaenda.
Hesabu ilikuwa sahihi.

Nilishuka kwa soksi, kama mwizi kwangu mwenyewe.
Nikachemsha maji ya chupa yaliyokuwa chini ya sinki,
nikayapoza kwenye ndoo ile ile ya kupimia,
nikaiacha mlangoni pamoja na kopo,
asilale na povu kichwani.
Sikugonga.

Jumamosi nikaenda dukani.
Dorota, muuzaji, alikuwa na shawa tatu
zilizounganishwa ukutani, za kujaribia.
Akaanza kunisomea lita na nyota.
Nikamwambia, naomba kuzisikia.
"Kuziona?"
"Kuzisikia."

Ya lita sita ilinong'ona kama mwenye siri ya watu.
Ya lita tisa ilitiririka, chai tu kwenye kikombe.
Ya tatu, lita saba, huchanganya maji na hewa,
ikaporomoka kama mchele kwenye sinia.
Nikaisogelea hadi miwani ikalowa,
nikatamka "mama," kwa sauti ya kawaida,
na masikio yangu hayakulipata neno.

"Hii," nikasema.
Dorota akasema ni chaguo zuri kwa mfuko.

Niliifunga mwenyewe, utepe mweupe mizunguko sita.
Saa ya mchanga nikaibandua;
imeacha alama ya gundi isiyotoka hata kwa siki.
Zulfa hakuuliza kitu. Alisema tu
shawa mpya ina kelele.
Nikasema, ndivyo zilivyo za bei nafuu.

Jumapili, magoti chini, tochi mdomoni.
"Imeshuka?" mzee ananiuliza.
Imeshuka, namjibu.
Ingeshuka zaidi,
ila siku hizi hata mimi nachelewa bafuni.